Gidioni na Bomba la Chumbani kwa Mama Mkwe

Nachingwea mjini, kwenye safu ya maduka ya vifaa vya ujenzi, kuna kibanda cha bati ambacho nje yake kumesimamishwa ubao mrefu. Juu ya ubao huo yamepigiliwa mabomba ya maji, mengine mapya, mengine yameota kutu ya kijani, na hakuna hata moja linalotoa tone. Mgeni hudhani ni bidhaa. Akisogea kuuliza bei, sauti humjibu kutoka ndani:

"Hayo hayauzwi, mama. Hayo ni ya kushika. Lishike, lizungushe, halafu uniambie kwako lipo lipi."

Mwenye sauti ni Gidioni Masanja, fundi bomba. Ni mrefu, mwembamba, na ana tabia ya kuongea huku akiwa ameinamisha kichwa kana kwamba anasikiliza bomba lililo ukutani. Nimeamua kuandika habari zake kwa sababu tumezoea kusoma habari za watu wakubwa waliokata utepe wa mradi wa maji, na hatusomi kamwe habari za mtu anayeitwa siku ambayo maji ya mradi huo yamegoma kufungika.

Alizaliwa Usukumani, akaletwa kusini angali mtoto, juu ya lori, katikati ya ndama. Baba yake, mzee Masanja, alikuwa akitafuta malisho, na malisho akayapata upande wa Nambilanje, wilayani Ruangwa. Huko maji yalikuwa ni shimo lililochimbwa kwenye mchanga wa mto uliokauka. Unachimba, unakaa, unangoja yachuruzike taratibu kutoka kwenye kuta za shimo. Ng'ombe hunywa kwanza. Watu hunywa yaliyobaki.

Siku aliyoona bomba kwa mara ya kwanza ilikuwa shuleni. Watoto wenzake waliotoka maporini walishangaa maji yanatoka wapi. Gidioni alishangaa yanazuiwa na nini. Swali hilo halikumwacha. Bomba la shule lilipoharibika na kutupwa jalalani, aliliokota, akalifungua kwa msumari na jiwe, akakuta ndani yake kipande cha mpira kisichozidi kifungo cha koti.

"Nikacheka peke yangu," aliniambia. "Kumbe mto mzima unazuiwa na kifungo!"

Kifungo hicho ndicho kilichompeleka chuo cha ufundi. Mzee Masanja hakuelewa kwa nini kijana mwenye ng'ombe aende kusomea mabomba, lakini hakumzuia. Gidioni alirudi na cheti na spana, akafungua kibanda Nachingwea, akatengeneza ule ubao.

Nendeni mkamsikilize akiwafundisha watu pale. Hushika bomba la kwanza, lile la kuzungusha ambalo sote tunalijua, na kusema, "Hili lina mpira ndani. Likianza kudondosha, nyie mnalikaza kama mnakamua nguo. Mnautafuna mpira. Usilikaze, libadilishie mpira." Hushika la pili, lenye mkono mwekundu. "Hili halijui kusema uongo. Mkono ukilala sambamba na bomba, njia iko wazi. Ukikaa kama mtu aliyenyoosha mikono kuzuia ng'ombe, njia imefungwa. Hata maji yakikatika unaona." La tatu ni la kubonyeza, kama yale ya shule na zahanati, linalojifunga lenyewe. Watu hulifunga kwa kamba ya mpira ili lisijifunge, kisha hulalamika kwamba maji ya serikali hayatoshi. La mwisho kulia ni la kunyanyua, linalong'aa kuliko yote. Hilo halikuwepo ubaoni zamani. Aliliongeza baada ya mambo ninayotaka kuyasimulia.

Gidioni alimwoa Josephina, binti wa Ruangwa mjini, Mmwera. Mama yake Josephina ni Teodosia, mjane, mkulima wa ufuta, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka shamba la pili. Shamba lake liko Nambilanje, si mbali na boma la mzee Masanja, na hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Mwaka mmoja ng'ombe wa Masanja waliingia kwenye ufuta wake. Yalizungumzwa, yakaisha. Ila posa ilipokuja, Teodosia alisema mbele ya wageni wote:

"Ng'ombe wenu walikula ufuta. Sasa mmekuja kuchukua na aliyeupanda."

Watu walicheka, naye akacheka, na binti akatolewa. Lakini baada ya harusi likazuka jambo lisilochekesha. Kwa Wamwera, tangu zamani, mwanaume akioa huonekana kwa wakwe. Hulima kwao, huezeka kwao, huingia na kutoka kama mtoto wa nyumbani. Nyumbani kwa kina Gidioni ni kinyume. Mama mkwe huheshimiwa kwa kukaa naye mbali. Humpi mkono, huli naye sahani moja, na chumba chake cha kulala huvuki mlango wake hata kama nyumba inaungua. Hivyo Gidioni alipokwenda Ruangwa kusalimia, alisalimia akiwa uani, akatazama chini, akaweka sukari na sabuni kibarazani, akaondoka.

Teodosia aliona kiburi. "Mkwe wangu ananikimbia kama nina upele," alimwambia bintiye. Josephina alijaribu kueleza. "Mama, ni mila yao." Teodosia akajibu, "Mila gani ya kutomtazama mtu usoni?"

Ikawa mbaya zaidi mwanawe wa kiume, Jonasi, anayefanya kazi Dar es Salaam, alipotuma vifaa vya bafu. Mama apate bafu ndani ya chumba chake, asitoke nje usiku. Fundi bomba alikuwepo ndani ya ukoo! Lakini bafu lilikuwa chumbani kwa mama mkwe, na Gidioni akatoa udhuru baada ya udhuru, mwisho akatafutwa fundi mwingine. Huyo alifunga sinki, akafunga bomba lenye kung'aa, akakusanya vifaa vyake, akaenda. Hakusema linafunguliwaje. Hakusema linafungwaje. Hakuinua hata kizingiti cha mlango wa bafu, kwa hiyo maji yakimwagika hakuna cha kuyazuia yasiteremke moja kwa moja hadi sebuleni.

Hapa mniache niseme. Tunajenga nyumba za kisasa kwa jasho la miaka, kisha tunamkabidhi mama funguo za milango na kumficha mahali pa kufungia maji! Fundi anaondoka na maarifa mfukoni kana kwamba ni mali yake. Muulize mwanamke yeyote mwenye bomba ndani: koki kuu ya nyumba yako iko wapi? Atakuonyesha fundi. Huo ni utumwa, na tunautengeneza wenyewe kwa saruji yetu.

Sasa tuingie kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa msimu wa ufuta. Teodosia alikuwa amepeleka mzigo wake ghala la chama cha ushirika, ukarudishwa kwa sababu ya mchanga. Akaambiwa ausafishe, gari lingepita kesho yake asubuhi kuchukua mzigo wa mwisho wa mnada ule. Basi akatandika turubai sebuleni, mbali na kuku na upepo, akamwaga ufuta wote, yeye na Josephina, aliyekuja kumsaidia, wakauchekecha na kuupepeta mpaka ukang'aa. Nguvu zake zote za mwaka, tangu kufyeka shamba hadi kufunga miganda, zilikuwa chini pale, kichuguu cheupe kilichojaa sebule. Ilibaki kuujaza tena kwenye magunia, na Josephina akatoka na Limi, mtoto wake na Gidioni, kwenda kuazima sindano ya kushonea.

Maji ya mtaa yalikuwa yamekatika tangu alfajiri. Teodosia aliingia bafuni kunawa vumbi, akaupapasa mkono wa lile bomba mpaka ukanyanyuka, kavu. Akalizungusha kulia kama alivyozoea kufunga, akaridhika kwamba amelifunga. Akavua nguo za kazi, akajifunga kanga moja, akatoka uani nyuma kukung'uta ungo na kuchochea moto wa maji ya kuoga aliyoyahifadhi kwenye ndoo.

Maji yakarudi yeye akiwa huko nje. Sinki lilikuwa limezibwa na makapi ya ufuta aliyokuwa akiyanawa humo kwa maji ya kopo siku zote zile, bomba lenyewe akiliogopa. Likajaa, likafurika.

Gidioni alikuwa Ruangwa siku ile ile, kwenye nyumba ya wageni inayojengwa upande wa pili wa mji. Simu yake ikaita. Jina kwenye kioo lilikuwa la mama mkwe, na mama mkwe hakuwahi kumpigia tangu aoe binti yake. Alidhani kuna msiba.

"Shikamoo mama."

"Acha shikamoo! Maji yanaingia sebuleni! Ufuta, mkwe, ufuta!"

Alirukia pikipiki bila kuaga. Ufuta ukilowa, mkulima yeyote wa kusini anajua, umekwisha. Unanata, unavimba, unanuka ukungu, na hakuna karani wa ghala atakayeupokea. Alipofika, mzee Mikidadi, jirani, alikwisha simama uani ameshika mikono kiunoni. Mzee huyu ni Myao mwenye ulimi mrefu, na ana desturi ya kutoa maoni kabla ya kutoa msaada.

"Karibu mwenye ng'ombe," alisema. "Leo kuna lambo ndani."

Gidioni alimpita. Alikimbilia kwenye mita, kando ya uzio, kama fundi yeyote anavyopaswa. Palikuwa na geti valvu, ile koki ya kigurudumu kidogo. Alikizungusha. Kikazunguka, kikaendelea kuzunguka, kisha kikamtoka mkononi pamoja na kipande cha chuma kilichokishikilia. Koki ya aina hiyo isipoguswa kwa muda mrefu hugandia ndani. Tangu iwekwe haikuwa imeguswa na mtu.

"Umekuja kufunga au kung'oa?" aliuliza mzee Mikidadi.

"Mzee, nisaidie sebuleni."

Wakaingia mbio. Gidioni akavua viatu mlangoni.

"Vua na soksi," Mikidadi alimwambia. "Maji yakukaribishe vizuri."

Maji yalikuwa yanatoka chini ya pazia la chumba cha Teodosia, yanatambaa juu ya saruji bila haraka, na mkono mmoja wa hayo maji ulikuwa umekwisha gusa ukingo wa turubai. Gidioni akanyanyua ukingo ule, akausukumizia stuli chini yake. Mikidadi akafanya hivyo upande wa pili kwa kiti. Turubai likawa kama mashua iliyokunja kingo zake, maji yakipita chini. Lakini lilikuwa turubai la zamani, lenye matundu madogo, na kina kilikuwa kinaongezeka. Gidioni akavua koti lake la kazi, akalikunja, akalizibia mlango wa chumba. Likashikilia kidogo tu.

"Mama!" aliita akiwa nje ya pazia. "Uko ndani?"

"Niko wapi kwingine? Naogelea na kanga moja!"

"Zungusha kulia, mama. Kulia kabisa."

"Kulia nimezungusha. Kushoto nimezungusha. Linanitazama tu!"

"Yanapungua?"

"Yanapungua wapi! Njoo basi!"

Gidioni alishika ukingo wa pazia. Akauachia.

"Mama... humo siwezi kuingia."



"Huwezi?" sauti ya Teodosia ilikuwa imeshuka. "Hata leo?"

Mikidadi hakustahimili. "Wewe! Ng'ombe wa baba yako waliingia shamba la huyu mama bila hodi. Wewe mlango uko wazi, unaitwa, unashindwa?"

"Mzee, kwetu chumba cha mama mkwe hakiingiwi. Na yeye yumo, na..." Hakumalizia. Wote watatu walijua kuhusu ile kanga moja.

"Basi niingie mimi," Mikidadi akasema.

"Mikidadi, ukiingia nakumwagia ndoo ya moto!" ilijibu sauti ya ndani.

"Haya, siingii. Mimi na mila za watu."

Gidioni alipiga magoti pale pale kwenye maji, upande huu wa pazia. Aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipogundua kosa lake. Alikuwa anampa mama maelekezo ya bomba asilolijua. Alikuwa anafanya kama mabomba yote ya dunia ni lile la shuleni.

"Mama, liache. Usilizungushe tena. Litazame vizuri, halafu uniambie likoje."

"Likoje! Ni bomba!"

"Lina mikono mingapi?"

"Mmoja."

"Uko ubavuni au juu?"

"Juu. Subiri... Lina shingo imekunjwa, kama bata anayekunywa maji. Na mgongoni kwake ana mkia."

"Huo mkia umelala au umesimama?"

"Umesimama! Umesimama kama anataka kupigana!"

Gidioni alifumba macho. Chuoni walikuwa na bomba moja la namna hiyo, kwenye meza ya mwalimu, na wanafunzi walilishika kwa zamu. Mkono mmoja wa juu, wa kuchanganya maji ya moto na ya baridi. Ukiupeleka kulia au kushoto, unachagua joto tu. Kufungua ni kuunyanyua.

"Mama, sikiliza. Usiuzungushe. Kuzungusha kunachagua moto na baridi tu. Weka kiganja juu ya mkia, uukandamize chini."

"Nimkandamize?"

"Ndiyo. Taratibu, mpaka ulale kabisa."

"Ukivunjika je?"

"Ukivunjika nitanunua mwingine. Kandamiza, mama."

Sauti ya maji ikakatika.

Ikakatika kabisa, ghafla, mpaka wakasikia kuku uani.  Kisha kutoka ndani ikaja sauti ya Teodosia, ya mtu aliyeibiwa na kurudishiwa papo hapo:

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu, mama."

"Yaani nimepigana na huyu mdudu muda wote huu, kumbe anataka kubembelezwa mkia!"

Akaanza kucheka. Alicheka kicheko kizito kilichotokea tumboni, na Mikidadi akadakia, na Gidioni akacheka huku amepiga magoti kwenye maji yaliyomlowesha suruali yote. Lakini hakukaa sana. Ufuta ulikuwa bado haujajulikana hali yake. Waliyasukuma maji nje kwa ufagio na ungo na kipande cha mbao, wakifukuzana nayo hadi uani. Teodosia akatoka chumbani amevaa gauni kavu, akasimama mlangoni, hathubutu kusogea.

"Angalia wewe," alimwambia mkwewe. "Mimi siwezi."

Gidioni aliinama juu ya kichuguu. Akazamisha mkono katikati, hadi kiwiko, akautoa. Punje kavu zikamtiririka vidoleni. Akajaribu upande wa dirisha. Kavu. Upande wa pazia, pembeni kabisa, palikuwa na sehemu iliyonyonya maji kupitia tundu, ikashikana kama uji uliopoa. Akaichota yote kwa viganja, pamoja na ile iliyoizunguka kwa usalama, akaijaza kwenye sufuria.

"Hii tutakaanga tule," alisema. "Uliobaki mzima, mama. Mzima kabisa."

Teodosia aliketi chini, kwenye sakafu yenye unyevu, akanyoosha miguu. Alipangusa uso kwa pindo la gauni. Hivyo ndivyo Josephina alivyowakuta aliporudi na sindano na mtoto mgongoni: mama yake sakafuni, jirani kwenye kizingiti anapepea kwa kofia yake, mumewe amelowa hadi kiunoni akiwa ndani ya sebule ambayo hajawahi kukaa.

"Kuna nini hapa?" aliuliza.

"Baba Limi amenifundisha kufunga bata," alisema Teodosia.

Ilibidi aelezwe mara mbili. Jioni ile walijaza magunia wote pamoja na kuyashona, na wakiwa katika kazi, mikono ikiwa na shughuli na macho yakitazama sindano, ndipo mazungumzo yaliyokuwa yamekwama muda wote ule yakafanyika. Labda hata haya ni ufundi, kuongea jambo zito wakati hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake.

"Nilidhani unanidharau," Teodosia alisema. "Nilijua ni ule ufuta wa siku zile. Nikasema, wamekasirika tuliwadai, sasa kijana wao ananionyesha mgongo."

"Hapana, mama. Nilikuwa nakuheshimu."

"Kwa kunikimbia?"

"Kwetu ndivyo. Baba akisikia nimepita lile pazia, hataniuliza ufuta umepona au la. Ataniuliza nimefundishwa na nani."

"Na kwetu mkwe asiyeingia ndani, watu huuliza huyo mama kamfanya nini." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Sasa mimi na wewe tulikuwa tunaheshimiana hadi nyumba inazama."

Josephina alicheka mpaka mtoto akaamka. Gidioni alitabasamu akitazama gunia lake. Mila ya kwao hakuivunja siku ile, na hajaivunja hadi leo. Kuna rafiki zangu niliowasimulia wakasema angeiruka tu, mambo ya kizamani hayo. Mimi siwaungi mkono. Mtu anaweza kubaki na heshima ya baba yake na bado akaokoa mavuno ya mama mkwe, mradi maarifa yapite pale ambapo miguu haipiti. Ndiyo maana napiga kelele: yafundisheni haya majumbani! Aliyeokoa ufuta ni mwanamke mwenye kiganja chake mwenyewe, mara tu alipoambiwa jambo ambalo alipaswa kuambiwa siku bomba lilipowekwa.

Suluhisho la sinki alilitoa Teodosia mwenyewe.

"Ling'olewe na yule yule aliyelifunga," aliamua. "Lifungwe kibarazani, nje. Chumba kibaki changu, sinki liwe la wote. Likiharibika, fundi wangu alifikie bila kuogopa laana."

"Na pale kwenye mita nitakufungia koki ya mkono," Gidioni akaongeza. "Utakuwa unaifunga na kuifungua mwenyewe kila wiki, hata kama hakuna shida, isije ikagandia."

"Nionyeshe inavyofungwa."

"Kesho, mama."

"Kesho kuna gari. Nionyeshe leo, kwa mkono."

Akaonyeshwa kwa mkono: kiganja sambamba na kipande cha uzi, kisha kiganja kimekingama. Akarudia. Mikidadi, aliyekuwa amebaki akingoja ufuta wa kukaanga, akarudia naye, na tangu hapo amekuwa akiwaeleza watu wa mtaa kana kwamba yeye ndiye aliyeugundua ufundi huo.

Gari la chama lilifika asubuhi jua likiwa limechomoza. Karani alishuka na bambo lake, kile kijiti cha chuma chenye tundu, akachoma gunia la kwanza katikati, akamimina punje kiganjani, akazipuliza. Teodosia alisimama amejishika shavu. Karani akachoma la pili, akatafuna punje chache. Akahamia yaliyokuwa chini, upande ule ule ambao maji yalikuja, ingawa hakuna aliyemwambia. Akachoma hapo mara mbili.

"Mara hii mchanga hakuna," alisema. "Na mkavu. Pakieni."

Gidioni alikuwa wa kwanza kupanda juu ya gari. Mikidadi alihesabu kwa sauti kazi waliyoifanya wengine. Josephina alipokea magunia na kuyasukuma, hadi sebule ikabaki tupu, na turubai limekunjwa ukutani.

Gari lilipokata kona, Teodosia aliingia chumbani kwake, akaburuta pazia nyuma yake. Josephina alimfuata baadaye na chai, akamkuta amelala juu ya shuka na gauni lake la kutwa, viatu miguuni, akikoroma. Akarudi kibarazani, akamwambia mumewe azungumze polepole, akafukuza kuku waliokuwa karibu na dirisha. Watu walikuja kuuliza habari za mafuriko, nao waliambiwa warudi jioni. Mama amelala. Tangu ufuta ukatwe shambani alikuwa hajalala namna hiyo.